Hasi Kwanza

Mfaume, njoo huku dirishani, usipige hodi mlangoni.
Mimi niko eda, koo langu haliko.
Chukua spana namba kumi juu ya kabati la vyombo,
ile yenye utepe mwekundu. Baba yako mkubwa
aliifunga utepe ili isiazimwe.
Iliazimwa hivyo hivyo, Tandahimba nzima.

Funua turubai upande wa mlango wa kitanda.
Polepole. Kuku wa Bi Nambecha ametaga nyuma ya tairi,
mayai si yetu, usiyahesabu.

Betri ni mbili, usizichanganye.
Ya mbele ni ya kuwashia injini:
ina hasira ya dakika moja, kisha inataka kupumzika.
Ya nyuma, chini ya godoro, ni ya nyumba:
taa, feni, na lile friji dogo
lililobeba maji baridi mara moja tu,
mpaka Masasi na kurudi.
Hiyo ina subira. Lakini subira nayo inakula.

Unauliza, gari limelala, betri inaishaje?
Nami niliuliza hivyo, mwaka tuliolinunua.
Akacheka, akanionyesha saa ya dashibodi,
tarakimu za kijani.
"Huyu halali," akasema. "Anakunywa tone tone,
kama mgeni asiyeomba chai
na bado sukari inapungua."

Basi, hasi kwanza. Waya mweusi.
Ukitoka, uviringishie kitambaa, usijirudie wenyewe.
Chanya baadaye. Wakati wa kurudisha ni kinyume:
mwekundu unatangulia, mweusi unafunga mlango.
Aliyenifundisha alikuwa na kovu hapa, kiganjani.

Ule unga wa kijani kwenye vichwa, usiuguse kwa kidole.
Maji ya moto, kijiko cha magadi, mswaki mkuukuu.
Mswaki wake uko bafuni. Ule wa bluu.
Chukua.

Kisha panda ngazi ufute paneli.
Juni hii wanapuliza mikorosho, na salfa
haichagui bati la nani.
Ajabu yake, Mfaume: salfa inaiponya mikorosho ubwiri,
lakini betri ikikaa na njaa
salfa ya ndani yake huganda kwenye sahani,
nyeupe, ngumu, na hapo huwezi kuilisha tena.
Inakataa.
Nimemwona mtu akikataa uji hivyo.

Mita usiisome kwa kubahatisha.
Kumi na mbili nukta sita, ameshiba.
Nukta mbili, yuko nusu, usichelewe.
Chini ya kumi na mbili, niambie,
usinifiche kama walivyonificha hospitalini.

Miezi minne na siku kumi.
Shangazi zake wananihesabia siku kwa kokwa za mbaazi,
mimi nahesabu Ijumaa, kila Ijumaa volti zake.
Shemeji Nantuka amekuja mara mbili kuulizia bei.
Anasema gari lisilotembea ni banda la kuku.
Akija tena mwonyeshe kuku.

Nikitoka humu sitaki vijana wa kusukuma,
sitaki waya wa kuazima kwenye bodaboda ya mtu,
sitaki pole. Nataka kuzungusha ufunguo mara moja
na mtaa mzima usikie.
Pa kwenda sijapajua.

Ngoja. Spana iweke chini.
Ingia mbele kwanza, unisomee ile saa.
Aliiweka yeye, dakika ishirini mbele ya watu wote,
eti tusichelewe safari.
Waya ukitoka itafutika,
itaamka na sifuri nne kama mtoto.
Ndiyo maana Ijumaa mbili zilizopita
nilikwambia mvua, na mvua haikuwepo.

Soma. Kwa sauti, dirisha hili lina wavu.

Rudia.

Haya.
Sasa hasi.